Ukuta wa Udongo

Bakuli la halua lilirudi kama lilivyokwenda. Hata kijiko hakikutiwa. Bi Tabia, dada wa Mzee Matar wa mtaa wa Malindi, alilileta mwenyewe, limefunikwa kwa kawa ile ile, akaliweka juu ya mkeka, akakaa kitako, akajipangusa jasho kwa ncha ya buibui lake. Mtu anayerudisha halua ya watu hana haja ya kusema kitu, lakini Bi Tabia alikuwa mtu wa kusema.

"Mwanakheir, dada yangu, usinione vibaya. Mie nimetumwa tu."

"Sema ulilotumwa."

"Kaka anasema kijana wake Shamsi anampenda Sichana, na sisi sote tunampenda. Mtoto ana adabu, kofia anazoshona mji mzima unazijua. Ila kaka anauliza, baba yake yuko wapi?"

"Si mnajua nyote? Alichukuliwa kambini, wakati wa vita."

"Ehe. Na kutoka kambini akenda wapi?"

Mwanakheir alilisogeza bakuli kando. Swali hilo alikuwa akiulizwa mwaka wa kumi na mbili sasa, sokoni, kisimani, arusini, na kila mwulizaji hujifanya ndiye wa kwanza.

"Watu wanasema yuko Mombasa," Bi Tabia akaendelea, taratibu, kama anayemwaga maji ya moto. "Ati alifuatana na Mataliani, ana mke huko na watoto. Mie sisemi, watu wanasema. Sasa kaka hataki siku ya nikaha aulizwe walii wa bibi arusi yuko wapi, halafu ijibiwe barazani kwake kwamba kaitoroka nyumba yake. Anataka jambo moja. Kama Usi yu hai, na aje amwozeshe mwanawe. Kama kafa, ijulikane kafa, ami yake asimame. Lakini hivi hivi, si juu si chini, haiwezekani."

"Usi hakunitoroka."

"Una hakika gani, dada yangu?"

Hakuwa na hakika yoyote. Alikuwa na ufunguo wa nyumba tu, ule wa pili, wa mumewe, ambao tangu mwaka ule aliufunga kwenye pindo la kila kanga aliyoivaa. Bi Tabia alipokwisha kwenda, Sichana akatoka nyuma ya pazia na kofia mkononi, sindano imeganda. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliitazama halua, akamtazama mama yake.

"Mama, tuile?"

"Wape jirani," alisema Mwanakheir. "Mie haitonipita kooni."

*

Alasiri ile Jecha alikuja na chokaa.

Huyu Jecha alikuwa mchoma chokaa, mtu wa makamo, vidole vyake vimepasuka pasuka kwa kazi yake hiyo. Kila mwaka ikiingia Shaabani, kabla ya Ramadhani, alileta makanda mawili ya chokaa, akaipaka nyumba ya Bi Mwanakheir ndani na nje, na senti moja hapokei. Watu wakasema anamtaka. Mwanakheir mwenyewe aliwahi kudhani hivyo, akangoja aseme ili amkatae, lakini Jecha hakusema kitu. Hupaka, huosha mikono, hunywa kahawa, huenda zake. Wakati wa vita alikuwa askari mlinzi katika kambi ya mateka wa Kitaliani kule Mwambandege, kaskazini, na yeye ndiye aliyemletea Mwanakheir habari ya mwisho ya mumewe. "Mateka wamepakiwa melini kupelekwa Mombasa," alimwambia siku ile, "na Usi kachukuliwa pamoja nao." Hapo ndipo maneno ya Mombasa yalipoanzia.

"Hodi."

"Karibu, Jecha. Leo usipake. Sina nguvu ya kuhamisha vyombo."

Jecha aliliona bakuli mlangoni, likingoja kupelekwa kwa jirani.

"Halua ya nani hii?"

"Ya kuitikia posa. Imerudishwa." Akamwelezea yote, kavu kavu, bila ya kulia. Sichana ndiye aliyelia, kule ndani, wakamsikia wote wawili.

Jecha alisimama na kanda la chokaa begani kama aliyesahau kulitua. Uso ulimbadilika. Mara akalitua kwa kishindo, vumbi jeupe likaruka.

"Bi Mwanakheir, Serikali imenipa kibali kuzivunja nyumba za Mwambandege. Mawe yote nnayatia tanurini. Jumatatu vijana wangu wanaanza."

"Ehe? Mie inanihusu nini?"

"Njoo kabla ya Jumatatu. Njoo uone. Na mtoto naye."

"Nione nini, Jecha?"

"Hapa siwezi. Wallahi hapa siwezi. Njoo tu."

*

Asubuhi yake waliteremka kwenye gari la abiria la shamba, wakatembea saa nzima juu ya mawe makali ya uwanda, Jecha mbele na panga lake akifyeka upupu. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kambi ilijitokeza ghafla mbele yao, nyumba ndefu nne za mawe, mabati yameng'olewa zamani na watu wa vijiji vya karibu. Seng'enge iliyozizunguka ilikuwa imekula kutu mpaka ikikanyagwa inakatika. Ndani ya nyumba ya kwanza mpapai ulikuwa umeota katikati ya sakafu na kupita juu ya kuta, una mapapai matatu.

Sichana, ambaye hakupata kuiona kambi ile ila kuisikia, alikwenda akigusa kila kitu. Palikuwa na jiko la kuokea mikate, jeusi bado. Palikuwa na makopo, na soli ya kiatu. Ukutani palikuwa na maneno ya Kitaliani, na vistari vya kuhesabia siku, mamia, vimepangwa saba saba, na mlima uliochorwa kwa mkaa, unatoa moshi kileleni.

"Hii nini, Ami Jecha?"

"Kwao. Yule aliyechora alikuwa akilia kila akiutazama. Nikamwambia basi ufute. Hataki."

Mwanakheir hakuwa akitazama michoro. Alikuwa akizitazama kuta. Mumewe, Usi Silima, alikuwa mwashi, na sheha, mkuu wa mtaa, ndiye aliyempeleka huku kwa amri, kujenga. Alizijua kazi zake. Pembe zimenyooka, mawe makubwa chini, madogo juu, plasta imesuguliwa mpaka inateleza. Akapitisha kiganja juu ya kona moja, polepole.

"Hii yake."

"Zote zake," alisema Jecha.

Usi alijenga kambi ile miezi minane. Zilikuwa siku za njaa, mchele haupatikani, watu mjini wanakula muhogo na unga wa mahindi wenye wadudu, na Mataliani wanapikiwa wali. Siku moja Usi alirudi nyumbani na pishi ya mchele, akasema kanunua. Mara ya pili hakufika. Walimkamata getini, pishi imefukiwa ndani ya karai la chokaa. Akahukumiwa miezi sita, afungiwe papo hapo kambini, afanye kazi. Haya Mwanakheir aliyajua. Mwisho wa ujuzi wake ulikuwa hapo.

Jecha aliwapeleka nyuma, kwenye chumba kidogo kilichosimama peke yake. Korokoroni. Mlango wake haupo tena. Ndani kilikuwa na upana wa kulala mtu mmoja na kugeuka.

"Alifungiwa humu," alisema. "Na mlinzi wa mlango huu alikuwa mie."

Mwanakheir akageuka. "Ulinambia ulikuwa geti kubwa."

"Nilisema uwongo. Shika ukuta ule wa nyuma. Ukwangue."

Hakuwa na kitu cha kukwangulia. Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wa nyumba, akachimba. Plasta ikatoka kipande kizima. Nyuma yake palikuwa pekundu. Ufunguo ukazama mpaka mwisho, akauchomoa una tope.

"Udongo," alisema, hakuamini. "Usi hajengi kwa udongo. Usi hata kibanda cha kuku hakijengi kwa udongo!"

"Chokaa ilikwisha. Bwana wa kambi akamharakisha, mateka wengine wako njiani. Basi ukuta huu akaupanga kwa udongo, akaupaka chokaa juu ili usijulikane. Alikuwa akiona haya. Siku nilipomwingiza humu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, Jecha, kazi mbovu ya pekee niliyoifanya maishani mwangu, na Mungu kanitia humo humo."

Sichana aliweka mkono juu ya jiwe moja, akalivuta. Lilitikisika kama jino bovu.

"Basi angeweza kutoka," alisema.

"Kwa dakika chache tu, mwanangu. Usiku wowote."

"Na akatoka?" Hili aliuliza Mwanakheir, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Kumi na miwili. Miaka kumi na miwili alikuwa akikataa neno la Mombasa, na sasa ukuta umegeuka mlango. "Nambie, Jecha. Kama alitoka nambie. Alikwenda wapi?"

Jecha alichuchumaa palepale mlangoni, mahali alipokuwa akikaa zamani na bunduki.

"Hakutoka. Mie ndiye niliyemzuia."

Wakamngoja.

"Mwezi mmoja nyuma mateka alitoroka, na walinzi wake wawili walikwenda jela miaka mitatu kila mmoja. Usi akanambia atatokea kwenye ukuta. Hakunificha. Akasema, leo usiku nakwenda zangu, sitaki ushtuke. Nikampigia magoti. Nikamwambia mama yangu kipofu, mke wangu ana mimba, ukitoka wewe naingia mie. Kisha akasema, imebaki miezi miwili tu, si mingi. Akapiga ule ukuta kofi, akalala."

"Halafu?"

"Wiki ya tatu akashikwa na homa. Mkojo ukawa damu. Nikenda kwa bwana wa kambi kuomba daktari, akasema Jumatatu. Usi alikufa Jumamosi, alfajiri. Kati ya Shaabani, kama sasa."

Mwanakheir hakupiga kelele. Alikuwa amejiandaa kwa kelele hizo muda mrefu sana, na zilipohitajika hazikuja. Alikaa chini juu ya sakafu ya korokoroni, ufunguo wenye tope mkononi, akauliza mambo madogo madogo, kama mtu anayeulizia safari ya mwenziwe.

"Nani alimwosha?"

"Mie."

"Sanda?"

"Chandarua. Hapakuwa na bafta. Nilikikunja mara tatu."

"Alisema kitu?"

"Aliuliza ile pishi ya mwanzo, kama mliila."

Hapo ndipo uso wake ulipovunjika. "Tuliila," alisema. "Ulikuwa na mchanga, nikamlaumu. Yarabi, nikamlaumu kwa kununua mchele wenye mchanga."

Sichana akamkumbatia mama yake, wakalia wote wawili, na Jecha akatazama nje. Hakuwa na haki ya kulia nao, na alilijua hilo.

*

Makaburi yalikuwa nyuma ya seng'enge, sita. Matano ya Mataliani yamelala namna moja, yana misalaba ya saruji. La sita limekingama, limelazwa kama tunavyolaza sisi, uso wa maiti uelekee kibla, na mawe mawili yamesimamishwa, kichwani na miguuni.

"Mataliani wawili walinisaidia kuchimba. Walianza kwa kufuata yao, nikawaonyesha kwa mkono, hivi. Hawakubisha. Nikamsalia peke yangu." Jecha akalishika jiwe la kichwani. "Bwana wa kambi hakumwandika popote. Akanambia nyamaza. Kisha kambi ikafungwa, Mataliani wakapakiwa meli, na mie nikaona njia nyepesi. Nikakwambia kenda nao. Nilidhani utangoja mwaka, uende kwa kadhi, uolewe."

"Nilikungoja wewe useme kweli, Jecha, nikawa sijui kama nakungoja wewe."

"Nisamehe."

"Bado." Alisema hivyo tu. Akajipangusa macho, akasimama. "Utasema haya haya barazani kwa Mzee Matar. Mbele ya shehe. Mbele ya Malindi nzima."

Jecha alitaharuki. "Bi Mwanakheir, nitakwenda na Mzee Matar faragha, nitamwapia..."

"Hapana faragha."

"Watanitangaza mji mzima! Nani atanunua chokaa yangu? Wanangu watapita wapi?"

"Mie nimetangazwa miaka kumi na miwili. Mwanangu huyu hapa, alipita. Nawe utapita."

Jecha aliinamisha kichwa. Akasema kaburi hatalivunja, wala chumba kile, na kwamba atalijengea kaburi vizuri kwa mawe yale yale na chokaa ya kwanza, safi.

"Lijengee kwa udongo," alisema Mwanakheir.

"Udongo utayeyuka, mvua hizi."

"Na uyeyuke. Alikwisha fungwa vya kutosha."

*

Siku ya Ijumaa baada ya sala, baraza ya Mzee Matar ilijaa. Mwanakheir na Sichana walikaa ndani, nyuma ya pazia la ukumbi, pamoja na Bi Tabia. Jecha aliapishwa kwa msahafu. Alisimulia kwa sauti ndogo, shehe akamwambia apaze, akapaza. Alipofika pale pa kupiga magoti, mtu mmoja alitema mate barabarani. Alipofika pale pa Mombasa, hakuna aliyetema, maana waliokuwapo wengi waliyasema maneno yale kwa vinywa vyao, na kila mmoja alikuwa akikumbuka alimwambia nani.

Bi Tabia, kule ndani, alikuwa akizungusha pete kidoleni. "Mwanakheir, dada yangu, mie nilisema watu wanasema..."

"Nakumbuka ulivyosema."

Mzee Matar alisafisha koo. Alikuwa mtu mzito wa kukiri makosa, lakini si mtu mbaya. "Inna lillahi. Mungu amrehemu Usi. Alikuwa mwanamume. Kwangu mie mambo yamekwisha, na ni fahari kwetu kumchukua binti yake. Ramadhani iko mlangoni. Tufanye nikaha Alhamisi ijayo, ami yake asimame. Au vipi, shehe? Mama mtu ana eda?"

Shehe aliuliza tarehe. Jecha akaitaja. Shehe akageuza uso kuelekea pazia, akasema kwa upole, "Bi Mwanakheir, unanisikia?"

"Naam, shehe."

"Eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Miezi minne na siku kumi. Kafa kati ya Shaabani, basi ilikwisha Mfunguo Tatu, baada ya Idi kubwa, mwaka ule ule. Huna eda juu yako, bibi. Ilikwisha pita."

Nyuma ya pazia Mwanakheir alihesabu kwa vidole. Shaabani. Ramadhani. Idi ndogo, ambayo Usi alitazamiwa kufunguliwa karibu yake. Alitia hina mpaka kwenye vifundo, akajifukiza udi, akavaa vikuba vya asumini, akakaa mlangoni tangu asubuhi. Hakuja. Mfunguo Pili, arusi ya jirani. Alikwenda akacheza ngoma, maana waliambiwa mateka wanaachiwa. Idi kubwa, asumini tena, wanja tena. Siku zote zile za eda yake alizipitisha amejipamba, anamngojea maiti.

"Shehe," alisema, na sauti yake ilisikika barabarani. "Sheria nimeisikia na nimeipokea. Lakini mie eda sijakaa. Nilijipamba. Sikujua, nilijipamba."

"Huna dhambi, bibi."

"Si dhambi ninayoisema. Nataka kukaa."

Minong'ono ikaanza. Mzee Matar akasema, kwa haraka kidogo, "Lakini bibi, si wajibu. Na mahari tayari, na watu washaalikwa kwa mdomo. Tungoje mpaka Mfunguo Tatu?"

"Mulinirudishia halua, Mzee Matar. Sikusema neno. Mie nimengoja miaka kumi na miwili. Ningojeeni miezi minne na siku kumi."

Kisha sauti ya kijana, iliyokuwa haijasikika siku nzima, ikasema kutoka pembeni mwa baraza, "Tutangoja." Ilikuwa ya Shamsi. Baba yake alimtazama, akatazama chini.

"Tutangoja," akasema Mzee Matar.

*

Alikaa. Aliosha wanja, akavua vipuli, akavaa nguo nyeupe, akajifungia. Sichana alishona kofia na kwenda sokoni. Nyumba haikupakwa chokaa mwaka ule. Jecha alikuja mara moja, akasimama nje ya dirisha, akasema kaburi amelijenga kama alivyoagizwa, na korokoroni ameiacha. Ndani hakujibiwa. Wateja wake wengi walikuwa wamekwisha mkimbia. Alikaa kidogo kwenye kibaraza, akaenda zake.

Ikaja Ramadhani, ikaisha. Asubuhi ya Idi mwuza asumini alipita na kapu lake, na Sichana, kwa mazoea ya miaka yote, akatoka akanunua kikuba kimoja, akakileta ndani mpaka kwa mama yake. Alipokwisha kumnyooshea ndipo alipokumbuka, akashtuka.

"Nisamehe, mama. Nimesahau."

Mwanakheir alikipokea. Alikinusa kwa mbali, bila ya kukigusisha uso, akakirudisha mkononi mwa binti yake.

"Mpelekee baba yako," alisema. "Kila Idi nilikuwa namvalia yeye."

Sichana alivaa buibui, akatoka kwenda kutafuta gari la shamba.